Picha ya Pili ya Shariffa

Kila alasiri, akirudi shule, Asmahani alivua sare, akala chakula alichowekewa, kisha akafagia chumba cha mbele cha nyumba yao, Barabara ya Tisa, Ngamiani. Chumba hicho hakikuwa na kitanda. Kilikuwa na kiti kimoja cha mninga, dirisha moja kubwa la kuelekea uani, na kanga iliyotundikwa ukutani. Hapo ndipo mama yake, Bi Semeni, alipowapiga picha wanawake wa mji.

Ilikuwa mwaka 1954, na Tanga haikukosa wapiga picha. Walikuwapo wenye maduka na taa za umeme, lakini wote walikuwa wanaume. Mwanamke asiyetoka nje bila buibui angemfunulia uso nani huko? Basi Bi Semeni, aliyeachiwa kamera ya sanduku na marehemu mumewe, alipata wateja bila kuwatafuta. Waliingia kwa mlango wa uani, wakavua buibui, wakakaa kitini. Waliondoka bila hofu, kwa sababu sharti la Bi Semeni lilijulikana mpaka Pangani: picha hutolewa moja tu, na mwenyewe hukabidhiwa pamoja na kipande cha filamu yake. Kwa Bi Semeni hakibaki kitu.

Ila tuseme kweli, picha zenyewe zilikuwa mbaya. Bi Semeni aliwakalisha watu wakitazama dirisha, jua likawapiga machoni, wakakunja nyuso kama waliolambishwa ndimu. Akiwageuza walipe dirisha kisogo, nyuso zilitoka nyeusi tii, usimjue bibi wala mjukuu. Na ile kanga ya ukutani ilikuwa na maua makubwa, hivyo kila mteja alionekana ameota maua masikioni. Wateja walishukuru kwa adabu, wakaenda kuzificha picha hizo sandukuni. Asmahani, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu na ulimi usiotulia, aliona aibu kwa niaba ya mama yake.

Siku moja mama alikaa kando ya dirisha akichagua mchele. Asmahani alifika mlangoni akasahau alichofuata. Mwanga ulimwingia mama ubavuni na kugusa shavu moja. Mchele mweupe kwenye ungo, mapajani, uliurudisha mwanga huo juu, ukafuta kivuli cha chini ya macho na cha kidevuni. Uso wote ulionekana, laini na mtulivu. Asmahani akamwomba mama asitikisike hata kidogo. Mama akauliza kwa hofu kama kuna nge.

Tangu hapo chumba kilibadilika. Kiti kilisogezwa ubavuni mwa dirisha, na upande wa pili likatundikwa shuka jeupe la kurudisha mwanga. Kanga ya maua ilishushwa, ikawekwa kaniki iliyopauka. Kwa kuwa picha za ndani zilitaka kamera itulie muda kidogo ikiwa wazi, Asmahani aliiweka juu ya kinu kilichopinduliwa badala ya kuishika mikononi. Alijifunza pia kumwongelesha mteja habari za watoto wake mpaka mabega yashuke, ndipo abonyeze. Filamu kadhaa ziliharibika na mama aligomba, lakini hakumkataza.

Ndipo akaja Shariffa, binti wa Mzee Himyar, mwenye mashamba ya minazi huko Mwera. Ijumaa ya juma lile angeolewa, kisha angepanda meli kwenda Unguja kwa mumewe. Alitaka kumwachia sura yake bibi yake, Bibi Zuwena, aliyemlea tangu utotoni. Alitamani naye aondoke na sura ya bibi, lakini mzee huyo alikuwa amekataa katakata kupigwa picha. Bi Semeni alimtazama Asmahani akamwambia, "Leo piga wewe."

Jioni ile, ndani ya stoo, kwenye mwanga wa taa iliyozungushiwa kitambaa chekundu, uso wa Shariffa ulijitokeza polepole kwenye sinia la dawa. Nyusi, kisha macho, kisha tabasamu lililokuwa linaanza tu. Asmahani alitamani kulia kwa furaha. Ilikuwa picha yake ya kwanza iliyotoka sawasawa, nayo kesho ingeondoka asiione tena. Mama alipotoka kumpokea mgeni, Asmahani alichukua karatasi nyingine, akailaza chini ya filamu, akatoa picha ya pili. Alijiambia haina neno. Ilipokauka akaificha ndani ya kitabu chake cha jiografia.

Kesho yake Shariffa alikuja kuchukua picha. Aliitazama kwa muda mrefu, akambusu Asmahani kwenye paji la uso. Bi Semeni akamkabidhi bahasha akisema, "Picha yako hii, na filamu yako hii. Kwangu hakijabaki kitu."

Alisema kwa sauti ya mtu mkweli. Asmahani aliinamisha kichwa, akajitia kupanga viti, na kiti chenyewe kilikuwa kimoja tu.

Siri ikikaa peke yake huwasha. Asmahani alimwonyesha rafiki yake Chiku wakiwa shuleni, naye Chiku akaisifu mpaka Asmahani akavimba kichwa. Chiku aliomba akalale nayo usiku mmoja tu, amwonyeshe mama yake. Asmahani alimwapisha, akampa. Siku iliyofuata, ambayo ilikuwa Alhamisi, Chiku alikuja shuleni na macho mekundu. Kaka yake Safari aliikuta picha ndani ya daftari, akadhani ni mcheza sinema wa Kihindi, akaichukua. Sasa ilikuwa imebandikwa kando ya kioo katika duka la kinyozi la baba yao, Mzee Miraji.

Kengele ya mwisho ilipolia, wasichana hao wawili hawakusubiri mtu. Walisimama ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la kinyozi. Mlango ulikuwa wazi, na kutoka pale waliiona picha vizuri. Mtu aliyekuwa kitini alikuwa akibishana na Safari juu ya jina la sinema alimomwona dada yule. Wanaume wa Ngamiani hawakuwahi kumwona Shariffa bila buibui, kwa hiyo wangeweza kuitazama picha ile mwaka mzima wasimjue. Wa kumjua walikuwa baba yake na ndugu zake tu.

Wakati huohuo baiskeli ilisimama mbele ya duka. Alishuka Hamed, kaka yake Shariffa, aliyekuja kunyolewa kwa ajili ya harusi ya kesho. Aliwasalimu waliokuwamo bila kuingia, akakaa kwenye benchi la nje kungoja zamu. Mbele yake palikuwa na mtu mmoja tu, yule wa kitini, naye alikuwa amekwisha nyolewa upande mmoja.

Chiku alijikaza akavuka barabara, akamnong'oneza Safari. Safari alicheka akamfukuza, akisema kwa kinyozi si mahali pa watoto wa kike. Chiku alirudi mbio.

"Tunyamaze," alisema. "Akiiona, hatajua imetoka wapi. Hakuna atakayetutaja."

Asmahani alifikiri. Kweli, hakuna ambaye angemtaja yeye. Wangemtaja Bi Semeni. Wangesema mjane wa Barabara ya Tisa anauza nyuso za mabinti wa watu kwa vinyozi, na hakuna mwanamke ambaye angekanyaga tena ule ua. Na Shariffa je? Nani angemsadiki kwamba hakuigawa picha mwenyewe, siku moja kabla ya ndoa yake? Asmahani aligeuka akakimbia nyumbani.

Mama alikuwa anakanda unga. Asmahani alisema yote kwa pumzi moja, hakuficha karatasi ya pili wala kiburi chake. Alingoja kofi. Bi Semeni hakumpiga wala hakumgombeza. Alinawa mikono, akavaa buibui, akatoka. Mwanamke wa heshima hakimbii njiani, hivyo walitembea, na njia ile fupi haikutaka kwisha. Walipofika, mtu wa kitini alikuwa anapanguswa nywele shingoni, na Hamed alikuwa amesimama tayari kuingia.

"Shikamoo, Bi Semeni," alisema Hamed.

"Marahaba, mwanangu. Niwie radhi, nakutangulia. Nina haja na mzee." Alisimama kizingitini, hakuingia. Mzee Miraji alipomkaribia, aliteremsha sauti. "Kuna amana yangu imepotea njia, ikaangukia humu. Ni hiyo picha kando ya kioo. Naiomba, na nakuomba usiniulize kitu leo."

Mzee Miraji alitazama ukutani, akamtazama Bi Semeni, kisha akamtupia jicho Hamed pale nje. Alikuwa mtu wa pwani, hakuhitaji kuelezwa. Alichukua taulo safi, akaifunika picha ukutani kama anayemsitiri mtu, akaibandua chini ya taulo hilo, akaja kumkabidhi Bi Semeni ikiwa imeviringishwa humohumo. Hamed alikaa kitini. Mbele yake, kando ya kioo, palibaki ukuta mtupu.

Asmahani aliona yamekwisha. Lakini walipofika njia panda, mama hakukata kwenda kwao. Alishika njia ya nyumbani kwa Mzee Himyar.

"Mama, Hamed hakuiona," Asmahani alisema.

"Hakuiona. Lakini nilimwambia Shariffa kwamba kwangu hakijabaki kitu. Nilisema uongo bila kujua. Sasa najua."

Asmahani aliomba mama aende peke yake. Mama alizidi kutembea. Uani kwa Mzee Himyar kulikuwa na masufuria, na wanawake wakimenya vitunguu na kuimba. Waliongozwa hadi chumba cha ndani. Shariffa alikaa mkekani, mikono na miguu imepakwa hina mbichi, na Bibi Zuwena kando yake akichochea chetezo cha udi. Asmahani aliamkia. Kisha mama akamsukuma bega kidogo, na hapakuwa na mtu mwingine wa kumsemea.

Alisimulia mpaka mwisho. Shariffa alilia, na kwa sababu ya hina hakuweza hata kujifuta machozi. Alisema alimbusu kama mdogo wake, kumbe alikuwa anambusu mtu aliyemwibia uso. Maneno hayo yalimchoma Asmahani kuliko bakora yoyote.

"Wanaume waliiona?" aliuliza Bibi Zuwena.

"Waliiona, Bibi."

"Walijua ni nani?"

"Hawakujua. Na Hamed hakuiona."

"Basi hakuna aliyejua, na sisi tusingejua. Kwa nini umekuja kusema?"

"Mama aliwaambia hakijabaki kitu, Bibi. Nami nilikuwa nimekibakiza."

Bibi Zuwena alinyoosha mkono. Alipokea picha, akaitazama kwa muda, akasema ni nzuri. Kisha akaiweka juu ya makaa ya chetezo. Ilijikunja, ikashika moto, na Asmahani aliitazama kazi yake bora ikiwa majivu. Alilia, lakini hakuona kwamba ameonewa.

"Mjukuu wangu ananiomba sura yangu mwezi mzima," alisema Bibi Zuwena, akimgeukia Bi Semeni. "Nimekataa, maana sijui uso wangu ukitoka mikononi mwangu unakwenda kwa nani. Mtu asiyewahi kukosa simjui atafanya nini siku akikosa. Huyu amekosa, akaja mwenyewe kusema lile ambalo lingekufa kimya. Kesho asubuhi njoo na kamera yako. Atanipiga huyuhuyu."

Shariffa alikuwa bado hajatulia. Alisema kwa sauti ndogo kwamba atakubali, ila filamu aichukue yeye kwa mkono wake.

Asubuhi ya Ijumaa Bibi Zuwena alikaa kando ya dirisha la chumba chake, akiwa amejinyoosha kama askari. Hapakuwa na shuka jeupe lililofaa pale. Asmahani alikwenda uani akaazima ungo wa mchele wa harusi, akamwekea mapajani, akamwomba auchague. Mzee alianza kutoa chuya moja moja akilalamika kwamba wasichana wa siku hizi hawajui kuchagua mchele, na mabega yakashuka. Kisha akainua macho na kunyamaza. Asmahani akabonyeza.

Kabla meli haijaondoka, Asmahani alisimama mbele ya Shariffa akiwa na bahasha. Mama yake alikuwa nyuma yake.

"Picha yako hii," alisema Asmahani, "na filamu yako hii. Kwangu hakijabaki kitu."

Shariffa alimtazama machoni. Kisha aliinama akambusu tena kwenye paji la uso.

Njiani kurudi, Asmahani alimuuliza mama kama bado angemruhusu kushika kamera. Bi Semeni alisema angemruhusu.

"Mambo ya mwanga umejifundisha mwenyewe, mwanangu, na hapo umenipita," alisema. "Lakini watu hawaji kwetu kwa sababu ya mwanga. Walikuja hata nilipokuwa nawatoa weusi kama masizi. Wanakuja kwa sababu picha ni ya mwenye uso, siyo ya mwenye kamera. Ukiwa stadi bila kuwa mwaminifu, ustadi wako huo ndio utakaowadhuru watu."

Asmahani aliitikia. Walipofika nyumbani, alifungua kitabu chake cha jiografia, akakikung'uta chote, ukurasa kwa ukurasa, mpaka akaridhika.