Presha ya Kumi na Nane

Jamani majirani, kisa hiki nakijua vizuri kwa sababu ukuta wangu na wa Bibi Mkasi ni mmoja.

Bibi Mkasi, fundi cherehani mstaafu, aliishi na mwanawe na mkwewe. Kila asubuhi alijipima presha kwa mashine yake ndogo, akitangaza namba kama anayesoma kiuno cha mteja: "Mia na arobaini!" Mkwe akampa kidonge, wakanywa chai. Nyumba ilikuwa imetulia.

Siku moja akaipangusa mashine vumbi, akabonyeza kitufe cha pembeni bila kujua. Kesho yake kioo kikaonyesha kumi na nane nukta saba.

"Jana mia na arobaini, leo kumi na nane," alininong'oneza dirishani. "Damu yangu imekwenda wapi?"

"Kwani bibi, siku hizi unapewa nini?" nikauliza. Mdomo wangu huu!

Akageuka kutazama jikoni, mkwe alikokuwa akimenya vitunguu. "Vidonge," akasema.

Tangu hapo alivificha shavuni, akavitema kwenye chungu cha maua. Mashine akaifungia kabatini, ufunguo akauvaa shingoni. Chai hakuigusa mpaka mkwe aionje kwanza.

"Mama, naomba niione mashine tu," mkwe alimsihi.

"Uiharibu zaidi?"

Mwana naye akaanza kunusa chakula chake. Nilimsikia yule mkwe akilia bafuni, nikajifanya sijasikia.

Namba zikapanda: ishirini, ishirini na mbili. "Unaona?" Bibi aliniambia kwa furaha. "Nimeacha sumu yake, damu inarudi!" Asubuhi kioo kiliposoma ishirini na nne, kikombe kilimponyoka na mdomo ukaenda upande.

Hospitalini muuguzi aliitazama mashine, ambayo mwana aliitoa kabatini akaja nayo. "Mbona hii inasoma kwa kilopaskali? Vipimo vyetu ni vya milimita za zebaki. Zidisha kwa saba na nusu."

Mwana akapiga hesabu kwenye simu. Kumi na nane nukta saba ikawa mia na arobaini, ileile ya siku zote. Ishirini na nne ikawa mia na themanini. Alishindwa kumtazama mkewe usoni.

Na huyu ndiye Bibi aliyewagombeza wanafunzi wake miaka yote: "Tepu ina pande mbili! Inchi thelathini na sentimita sabini na sita ni kiuno kilekile!" Leo mkono wake wa mkasi haufungi hata kifungo, anayemfungia ni mkwe. Juzi alimkabidhi ule ufunguo kwa mkono wa kushoto, machozi yakimtoka.

Mkwe aliupokea. Kisha akachukua kikombe cha Bibi, akaionja chai kwanza, kwa mazoea, ndipo akampa.

FUNZO

Namba peke yake haikwambii kitu. Soma na herufi ndogo zilizo kando yake, ujue ni kipimo gani, na dawa usiiache bila kumuuliza daktari. Ukishamfungia mtu kabati kwa kumshuku, umemfungia pengine yule pekee ambaye angekuonyesha kosa lako. Nasi majirani wa dirishani tuchunge midomo. Mimi lile swali langu bado linaninyima raha.