Jibu la Kiini cha Tatu

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza kulia, Nailantei ndiye aliyefungua chumba cha kompyuta. Alikuwa gredi ya nane katika shule moja mtaani Noonkopir, mjini Kitengela, na kwa kuwa alikuwa kiongozi wa klabu ya kompyuta, Mwalimu Waruguru alimkabidhi ufunguo. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupangusa vumbi. Malori ya saruji yalipita barabara ya Namanga tangu alfajiri, na upepo ulilileta vumbi lile mpaka mezani, kwenye kibodi na ndani ya feni. Nailantei alipangusa kwa kitambaa chenye unyevu, akafungua dirisha la upande usio na upepo, ndipo akaiwasha kompyuta ya mezani iliyokuwa pembeni.

Haikuwa mpya, lakini ndiyo iliyokuwa na nguvu kuliko zote pale shuleni. Prosesa yake, yaani ile sehemu inayofanya hesabu zote, ilikuwa na viini vinne. Mwalimu Waruguru alipenda kuwaeleza wanafunzi kwamba viini hivyo ni kama wapishi wanne katika jiko moja: kila mmoja ana sufuria yake, na wote wanapika kwa wakati mmoja.

Ndani ya kompyuta hiyo ndimo ilimokuwa kazi ya mwaka mzima ya Nailantei na mwenzake Ndambuki. Walikuwa wametengeneza programu ya kumtambua ng'ombe kwa pua yake. Wazo lilitoka kwa nyanya yake Nailantei, au koko kwa lugha ya kwao, Koko Nalangu, ambaye hufuga ng'ombe upande wa Isinya. Koko alimwonyesha kwamba mistari na vinundu vya pua ya ng'ombe mmoja havifanani kabisa na vya mwingine. Basi kila likizo Nailantei alipiga picha za pua, za ng'ombe wa Koko na za ng'ombe wa majirani. Ndambuki, kijana mpole aliyependa kukaa peke yake na hesabu zake, akaandika programu. Ukiiwekea picha mpya, inailinganisha na picha zote ilizo nazo, kisha inakuambia huyo ni ng'ombe wa nani.

Tatizo lilikuwa mwendo. Mwaka uliotangulia, kwenye mashindano ya sayansi mjini Kajiado, majaji walisubiri, wakatazama saa, wakaenda meza nyingine kabla jibu halijatokea. Aibu ya siku ile haikumtoka Nailantei.

"Mwaka huu tutaisukuma prosesa ikimbie kupita mwendo iliopangiwa kiwandani," Mwalimu Waruguru aliwaambia. "Lakini si kwa pupa. Tutapandisha hatua moja, kisha tuendeshe jaribio la uthabiti kutwa nzima. Jaribio hilo linakipa kila kiini hesabu ngumu ambazo majibu yake yanajulikana. Joto likizidi, tunasimamisha. Kiini kimoja kikikosea, hata mara moja, tunarudi nyuma. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Mwalimu."

Hatua ya kwanza ilipita vizuri, darasa zima likishuhudia. Hatua ya pili ilifanyika Jumatatu ya juma la mashindano. Siku hiyo Mwalimu Waruguru alikuwa na mkutano na wazazi, na Ndambuki alikuwa na mtihani wa kurudia, kwa hiyo Nailantei aliachiwa kazi ya kuchungulia jaribio kila kipindi kilipokwisha.

Asubuhi mambo yalikuwa shwari. Mistari minne ya kijani, mmoja kwa kila kiini, ilienda bega kwa bega kwenye skrini, na feni ya mezani iliyoelekezwa kwenye kompyuta ilivuma bila kuchoka. Lakini wakati wa chakula cha mchana, Nailantei alipofungua mlango, alikuta mistari mitatu tu ya kijani. Ule wa tatu ulikuwa mwekundu.

"Kiini cha tatu: jibu si sahihi. Kimesimamishwa."

Moyo wake ulipiga paa! Alitazama nyuma yake. Hakukuwa na mtu. Alisoma maneno yale tena, kana kwamba yangebadilika. Kurudi nyuma kulimaanisha kompyuta ipunguze mwendo, na mawazoni aliwaona majaji wakitazama saa zao tena. "Imekosea mara moja tu," alijiambia. "Mara moja kati ya hesabu ngapi?" Akalifunga jaribio, akalianzisha upya, akaondoka haraka kama mtu aliyeiba.

Jioni Mwalimu Waruguru alipopita, mistari yote minne ilikuwa ya kijani.

"Vipi, Nailantei? Imepita?"

"Imepita, Mwalimu."

"Kutwa nzima bila kosa?"

"Bila kosa."

"Hongera! Basi tutaiacha kwa mwendo huo."

Tangu saa hiyo Nailantei hakuwa na amani. Usingizi ulimpaa. Mama yake, Seleyian, alipomwekea chai na mkate asubuhi, alikunywa nusu kikombe akasema ameshiba. Kila kompyuta ilipochelewa kidogo kujibu, alidhani ni kiini cha tatu. Siku ya Jumatano, skrini iliganda katikati ya kazi, isibadilike hata walipobonyeza kibodi.

"Labda ni stima," Nailantei alisema upesi, kabla hajaulizwa.

Ndambuki alikunja uso. "Stima haijapotea. Taa si hiyo inawaka? Hapana, nafikiri ni programu yangu. Kuna mahali nimekosea."



Kuanzia hapo Ndambuki hakwenda tena uwanjani wakati wa mapumziko. Alikaa mbele ya skrini akisoma programu yake mstari baada ya mstari, akifuta hapa na kuandika upya pale. Sahani yake ya githeri, mahindi na maharagwe, ilipoa kando yake. Nailantei alimwona akijikuna kichwa, akinung'unika, akianza tena mwanzo. Alikuwa akitafuta kosa ambalo halikuwapo, na Nailantei peke yake ndiye aliyelijua hilo. Kila alipotaka kusema, aliona jinsi Mwalimu atakavyomtazama, naye akaghairi. Kadiri alivyochelewa, ndivyo maneno yalivyozidi kuwa mazito.

Siku ya Ijumaa walifanya mazoezi mbele ya darasa. Nailantei aliweka picha ya ng'ombe mwekundu wa Koko Nalangu, ambaye alimjua vizuri tangu ng'ombe huyo akiwa ndama. Jibu lilitokea upesi sana, na wanafunzi wakaanza kupiga makofi. Kisha makofi yakafifia. Kompyuta ilisema ng'ombe huyo ni wa jirani.

"Eh! Koko yako ameibiwa na kompyuta!" Lennox, mcheshi wa darasa, alipiga kelele kutoka nyuma, na darasa zima likaangua kicheko.

Mwalimu Waruguru hakucheka. Alimgeukia Ndambuki. "Nini kimetokea? Mwezi jana ilimtambua huyu huyu bila shida."

Ndambuki aliinamisha kichwa. "Ni kosa langu, Mwalimu. Nimetafuta nimeshindwa. Afadhali niondoe jina langu, Nailantei aende peke yake. Mimi nitawaangusha tu."

"Hakuna kuondoa jina," Mwalimu alisema. "Kesho tunaenda sote. Tutaona."

Nailantei alihisi masikio yakimwaka moto. Alitaka ardhi ipasuke immeze. Hata hivyo kengele ililia, wanafunzi wakatawanyika, naye akatoka nao.

Jumamosi asubuhi gari la shule liliwachukua kwenda Kajiado. Kompyuta ilikuwa imefungwa kwa blanketi na kuwekwa kitini kama abiria. Ndambuki alikaa dirishani akitazama nyanda kavu na mbuzi waliotawanyika kando ya barabara. Macho yake yalikuwa mekundu. Nailantei alimtazama kwa pembe ya jicho, na wakati huo akaelewa jambo lililomtisha kuliko majaji wote: hata wakishinda, Ndambuki ataendelea kuamini kwamba hafai.

Ukumbini walipewa meza ya karibu na mwisho. Walipomaliza kuunganisha nyaya, Nailantei alimshika Mwalimu Waruguru mkono.

"Mwalimu, niko na kitu cha kukuambia. Ndambuki pia asikie."

"Sema, mwanangu."

"Jaribio la Jumatatu halikupita. Kiini cha tatu kilikosea. Nilikiona, nikalianzisha upya, nikakudanganya." Akamtazama Ndambuki. "Ndambuki hajakosea popote. Programu yake ni nzuri. Ni mimi."

Ndambuki akasimama.

"Wiki yote, Nailantei? Wiki yote uliniona nikitafuta, na ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua. Nisamehe."

"Acha tu," Ndambuki alisema, akageuka na kutazama ukutani.

Mwalimu Waruguru alishusha pumzi ndefu. Uso wake ulikuwa mkali, lakini hakupaza sauti. "Tutazungumza kuhusu uongo huo baadaye, na tutazungumza vya kutosha. Sasa kuna kazi. Majaji wako meza za mwanzo. Hatua ya kwanza tuliipima kutwa nzima, na ilipita mbele ya macho yangu. Turudi hapo. Ndambuki, programu ya kabla hujaanza kuibadilisha, unayo?"

Ndambuki alijipangusa macho kwa mkono wa sweta. "Niko nayo. Ile ya kabla sijaanza kuiharibu kwa kuitengeneza."

"Iweke hiyo."

Nailantei aliizima kompyuta, akaiwasha tena na kuingia kwenye mipangilio ya prosesa. Akaurudisha mwendo kwenye hatua ya kwanza, pamoja na kiasi cha umeme unaoingia. Mwalimu alimsomea tarakimu, moja moja. Ndambuki akarudisha programu yake ya awali. Kisha wakaanzisha jaribio la uthabiti, ili angalau waone kama mashine imetulia baada ya kusafirishwa.

Mistari minne ikaanza kutembea. Majaji nao walikuwa wakisogea meza baada ya meza. Nailantei hakuthubutu hata kupepesa. Kila mara alipoufikia mstari wa tatu kwa macho, alishika pumzi. Joto lilipanda kidogo, likatulia. Kijani. Majaji wakafika meza ya jirani, ambako watoto walionyesha jiko la kukaushia nyama kwa jua. Bado kijani.

"Simamisha sasa," Mwalimu alinong'ona. "Wanakuja."

Jaji mkuu alikuwa Bwana Leshan, daktari wa mifugo, mzee mrefu mwenye miwani. Nailantei aliinamisha kichwa kumsalimu, naye akamgusa utosini kama watu wa kwao wanavyowasalimia watoto. Alisikiliza maelezo, kisha akatoa simu yake.

"Mimi niko na ng'ombe wangu hapa, amepigwa picha mbili. Ya kwanza akiwa mtamba, hajazaa bado, ya pili amezaa mara mbili. Weka ya kwanza ndani, halafu uiulize ya pili ni nani. Tuone kama itamtambua katikati ya hao wenu."

Ndambuki aliziingiza picha. Kompyuta ikaanza kuhesabu. Sekunde zilipita, zikageuka dakika. Jaji mmoja alitazama saa. Nailantei aliona, lakini akakaza macho kwenye skrini.

"Inachukua muda," Bwana Leshan alisema. "Haiwezi kwenda mbio zaidi?"

Nailantei alimtazama Mwalimu, kisha Ndambuki. "Inaweza, Daktari. Lakini ikienda mbio hivyo inakosea. Jana ilimpa jirani ng'ombe wa koko yangu. Tumeirudisha kwa mwendo ambao tuliupima."

Bwana Leshan alivua miwani. "Ng'ombe wa mtu kupewa jirani! Unajua kosa kama hilo linaweza kuwagombanisha watu wa maboma mawili mpaka wajukuu? Basi acha ijichukulie muda wake. Tutasubiri."

Walisubiri. Hatimaye jibu likatokea: ng'ombe wa Daktari Leshan, yule yule, bila shaka yoyote. Mzee alicheka kwa furaha, akampa Ndambuki mkono. "Programu hii umeandika wewe? Safi sana, kijana."

Ndambuki alitabasamu, kwa mara ya kwanza tangu Jumatano.

Jioni matokeo yalisomwa. Hawakuwa wa kwanza. Walishika nafasi ya tatu, na ni wawili wa juu tu waliochaguliwa kuendelea mbele. Nailantei alipiga makofi pamoja na wengine, huku machozi yakimlengalenga. Walipokuwa wakiifunga kompyuta kwa blanketi, alimwambia Ndambuki, "Jumatatu nitawaambia darasa zima kwamba kosa lilikuwa langu. Hata Lennox."

Ndambuki alikaza fundo la kamba kabla ya kujibu. "Bado nimekasirika," alisema. "Lakini ukisema, nitakuwa nimesimama na wewe."

Mwalimu Waruguru aliwasikia. Akaweka mkono begani mwa Nailantei.

"Ufunguo wa chumba utakaa kwangu mpaka muhula uishe," alisema. "Umenidanganya, na imani haijengwi upya kwa siku moja. Lakini leo umesema ukweli wakati ambapo ungeweza kunyamaza, na hilo nimeliona pia. Sikilizeni, nyote wawili. Kiini kile kilipokosea hakikutudhuru. Kilitupa habari tuliyoihitaji, na tungerekebisha mwendo siku ile ile. Aliyetudhuru ni mtu aliyeificha habari hiyo. Kosa lililosemwa linarekebishwa. Kosa lililofichwa hutafuta mtu asiye na hatia, likamkalia yeye."

Nailantei aliitikia kwa kichwa. Kisha akashika upande mmoja wa kompyuta, Ndambuki akashika upande wa pili, wakaibeba pamoja hadi garini.