Mkate wa Tatu

Jumamosi ile Dzerassa aliamka alfajiri kama kawaida yake. Aliwapa kuku maji, akafagia ua, akanawa mikono hadi viwikoni na kuingia jikoni. Mama yake, Zamira, alikuwa amekwisha kukanda unga na kuponda jibini.

"Leo utaoka wewe, mwanangu," Mama alisema kwa sauti ya chini. "Mimi mikono haina nguvu. Mikate miwili ya sala, umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Kwa kweli hakuhitaji kuambiwa. Kwa Waoseti, kabila la kina Dzerassa, hata mtoto anayejifunza kutembea anajua kwamba siku ya furaha huwekwa mezani mikate mitatu ya jibini: mmoja wa Mungu, mmoja wa jua, na mmoja wa ardhi. Siku ya msiba, ule wa jua huondolewa, kwa sababu marehemu halioni tena. Na siku hiyo ilikuwa ya kumkumbuka Soslan, kaka yake Dzerassa, aliyetimiza mwaka kaburini.

Soslan alikuwa mwanafunzi wa udaktari, kijana mrefu, mtu wa masihara. Kila Jumamosi jioni alifungua gereji ya nyumbani, akatundika ubao, akawafundisha hesabu watoto wa mtaa bila malipo. Akikosea ubaoni, hakufuta kwa siri. Aliwageukia watoto, akainua mkono wenye chaki na kusema, "Nimekosea mimi, jamani! Nani atanirekebisha?" Watoto walicheka, na polepole nao wakazoea kusema hivyo hivyo.

Siku moja alikwenda sokoni kununua chaki. Magaidi walikuwa wametega bomu pale. Soslan hakurudi. Baada ya mazishi Mama alifunga gereji, akatia ufunguo mfukoni mwa aproni, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwona akilia wala akicheka.

Dzerassa alitandaza unga huku akimwaza kaka yake, jinsi alivyokuwa akikaa kwenye kigoda na kuhesabu kwa sauti, "Mungu, jua, ardhi! Haya, tule!" Mikono ikafuata mazoea. Alipofungua tanuri, alihesabu mara mbili. Mikate ilikuwa mitatu.

Mitatu, kwenye kumbukumbu ya marehemu! Watu wangesema dada anafurahia kifo cha kaka yake. Upesi aliuviringisha mmoja kwenye kitambaa, akakimbia hadi kibanda cha kuni na kuuficha nyuma ya magogo.

Njia ya mwongo ni fupi. Wageni walikuwa bado wananawa mikono uani wakati Borik, mbwa wa nyumbani, alipotoka kibandani na mkate mdomoni, unafuka moshi.

"Mkate wa tatu! Leo!" alifoka Shangazi Zalina. Akamgeukia Alina, binamu yake Dzerassa, aliyekuwa akiosha vyombo. "Ni wewe! Huko Moscow ulikokulia hawajui mila? Umekuja kutuchekea kilio chetu?"

"Naapa si mimi, Shangazi!"

"Basi mkate umejioka wenyewe, ukajipeleka kwa mbwa? Fungasha nguo zako. Jioni unapanda treni!"

Alina akaanza kulia. Mama alikuwa amesimama mlangoni, uso hauna damu, ameshika mwimo. Dzerassa alitamani ardhi ipasuke immeze. Je, Mama akijua ni binti yake mwenyewe, si ndipo atamalizika kabisa? Alikaribia kunyamaza. Lakini alimtazama Alina, akamkumbuka Soslan, na kabla hajabadili nia aliinua mkono wake uliojaa unga.

"Nimekosea mimi, jamani," alisema. "Nilikuwa namwaza kaka, nikaoka mitatu. Kisha nikauficha. Alina hana kosa."

Mama aliketi kwenye ngazi, akalia kwa sauti. "Maneno yake," alisema. "Maneno ya mwanangu yale!"

Dzerassa alimkumbatia, kisha akamwomba radhi Alina mbele ya wote. Shangazi Zalina naye akajifuta macho. "Nisamehe, binti. Ulimi wangu mrefu kuliko mkia wa Borik."

Mama alimvuta Dzerassa karibu. "Kukosea si aibu, mwanangu. Aibu ni kumwachia mwenzako mzigo wa kosa lako. Kaka yako aliwafundisha hilo, nami nikalifungia gerejini." Sala ikasomwa juu ya mikate miwili, na watu wakamlilia Soslan jinsi alivyostahili.

Jumamosi iliyofuata Mama alitoa ufunguo. Mwandiko wa Soslan ulikuwa bado ubaoni. Watoto wa mtaa waliingia kimyakimya, wakakaa mahali pao pa zamani, na Dzerassa na Alina wakaanza kuwasaidia wadogo. Baadaye Mama aliingia na sinia ya mikate ya jibini.

"Mbona mitatu, Mama Soslan?" aliuliza mtoto mmoja.

Mama alishika kisu, machozi yakimtiririka, asiyafiche.

"Soslan halioni jua tena," alisema. "Ninyi mnaliona. Kuleni, halafu mhesabu. Na atakayekosea, ainue mkono."