Zamu ya Sista Musarrat

Chati ya kitanda cha tisa ilikuwa imeshajazwa. Sista Shagufta aliitazama mara mbili: joto, mapigo ya moyo, saa sita kasorobo usiku. Katika wodi ile ya wanawake mjini Sukkur alikuwa peke yake, yeye na vitanda arobaini.

"Bibi Jindan, nani kakupima?"

"Si yule mwenzako," alijibu bibi kizee. "Mikono barafu, lakini mpole. Hanifokei kama wewe."

Shagufta hakucheka. Chati ilinuka karafumaiti, na mwandiko aliujua. Ulikuwa wa Sista Musarrat, waliyemzika kabla ya Ramadhani.

Musarrat alizikwa, jina lake halikuzikwa. Kila Jumatatu mganga mkuu, Daktari Iftikhar, aliliandika kwenye ratiba ya zamu ukutani, ili wakaguzi kutoka Karachi wahesabu wauguzi wawili. Funika kombe, mwanaharamu apite. Angeomba muuguzi mpya, ingebidi akiri kwamba wodi imemshinda.

Saa saba umeme ukakatika, mapangaboi yakasimama, na katika ukimya ule Shagufta akasikia viatu vya mpira vikitoka stoo ya dawa, kitanda hadi kitanda, vikisimama, vikianza tena, na harufu ya karafumaiti ikizidi kuwa nzito, mpaka vikakoma nyuma ya kisogo chake naye akashindwa hata kugeuka, akaona tu daftari la makabidhiano likisukumwa mbele yake, na kidole kilichopauka kikimwonyesha pa kutia sahihi.

"Nipokee zamu, dada. Miguu imeniisha. Siwezi kutoka mpaka mtu anipokee."

Akatupa kalamu, akakimbia akipiga kelele.

Kulipokucha wakamwita Pir Bakhshal, shehe mtaalamu wa majini. Alilinusa daftari, akauliza nani huandika ratiba.

"Maiti harudi kazini," alisema kwa sauti ya chini. "Hili ni jini. Mmeita jina lisilo na mwenyewe, likaitika. Lifuteni, ajirini watu, na zamu aipokee aliyeliita."

Shagufta alimtazama Daktari Iftikhar.

"Kusaini tu?" Daktari alijichekesha, kijasho kikimtoka. "Mnanipotezea muda bure, Pir sahibu."

Akalifuta jina, akasaini: Nimepokea.

Harufu ikakatika papo hapo. Wiki iliyofuata wakaletwa wauguzi wawili, wazima, wenye vivuli vyao. Kwa mara ya kwanza tangu msiba, Shagufta alikunywa chai ingali moto, akalia kwa furaha.

Hakuwa ameimaliza mlinzi alipoingia mbio. Daktari Iftikhar hakuamka alfajiri ile. Mkewe alimkuta amekauka kitandani.

Shagufta akaenda wodini. Kitanda cha tisa, chati ilikuwa imeshajazwa.

"Leo kanipima Daktari sahibu mwenyewe," alisema Bibi Jindan akijivutia blanketi. "Maskini, mikono yake barafu. Anauliza nani atampokea."