Jiwe la Kazi Nne

Kila wakimaliza kulima, Hetty na mumewe Mervyn huokota mawe shambani. Norfolk ndiko kwao, na mawe ya huko ni ya gumegume, magumu, meusi kwa ndani. Mervyn huyapasua kwa nyundo, kisha huyajengea ukuta.

Siku moja buti la Hetty lilizama kwenye tope karibu na mtaro. Alipoinama kulichomoa, aliona jiwe dogo. Akalishika. Dole gumba lake likatulia kwenye kibonyeo, utadhani amepimiwa. Alilipenda papo hapo.

Nyumbani, Mervyn alinyoosha mkono.

"Lete hilo. Nikilipasua litaziba pengo langu la mwisho."

"Hili hulipasui."

"Jiwe ni jiwe tu, mashoto wangu."

Ndivyo alivyozoea kumtania, kwa kuwa Hetty hutumia mkono wa kushoto. Safari hii Hetty hakucheka.

"Nimesema hulipasui. Kwanza Pauline alione. Nyundo yako isubiri."

Pauline ni jirani yao, anafanya kazi makumbusho ya mjini. Alipokuja, alimkuta Hetty ameshika brashi ya waya, anataka kulisugua jiwe.

"Weka brashi chini, mama. Utafuta alama zake."

Akaligeuza polepole kwenye kiganja. Sauti yake ikashuka.

"Hiki ni kifaa, Hetty. Mtu alikitengeneza maelfu ya miaka iliyopita. Ukingo huu ni kisu. Huu mnene ni wa kukwangulia ngozi. Ncha hii ni ya kutobolea. Na hapa palipolika, alilainishia mti wa mshale."

"Kazi nne, jiwe moja," alisema Mervyn. "Mimi nina sanduku zima la vifaa, na mlango wa banda umenishinda."

"Hilo umesema mwenyewe," alisema Hetty.

"Mmeliokota wapi?" aliuliza Pauline.

Mervyn akatazama lundo lake. Mawe ya mashamba yote yalikuwa yamechanganyika humo. Aliona haya.

"Pale buti langu lilipozama," alisema Hetty. "Shimo bado lipo."

"Mna bahati. Jiwe lisilojulikana lilikotoka limepoteza nusu ya habari zake. Mkiona jingine, msilisugue wala kulipasua. Pigeni picha, chomekeni kijiti mahali pake, kisha mniite."

Baadaye watu wa makumbusho walikuja. Kando ya shimo la buti walikuta vipande vyembamba vya gumegume, vimelala pamoja. Hapo ndipo fundi alipokaa, akachonga.

Mervyn alikishika kile kifaa kwa mkono wa kulia. Dole gumba halikupata pa kukaa. Akakigeuza, wapi.

"Kinanikataa," alisema.

"Siwezi kuapa," alisema Pauline, "lakini huenda fundi mwenyewe alikuwa mtu wa shoto."

Mervyn akamrudishia mkewe.

"Basi shika. Ni cha mashoto mwenzako."

Ukuta ulikwisha, ingawa ulichelewa. Tangu siku hiyo Mervyn hapasui jiwe lolote kabla Hetty hajalishika, tena kwa mkono wa kushoto.