Nahodha Aliyeushinda Mwanga

"Wewe?"

Karatasi zilinidondoka mkononi. Mlangoni mwa chumba chetu cha waandishi alisimama mchumba wangu, mwalimu wa fizikia, vumbi la chaki bado kwenye mkono wa gauni.

"Kumbe mnajuana?" mwongozaji aliuliza. "Huyu ndiye Kipimo. Nimemwalika atusaidie."

Kipimo! Miezi mitatu mtu huyo alikuwa akiuchanachana mchezo wetu wa runinga kwenye ukurasa wa mashabiki, na miezi mitatu mimi, mwandishi wa mchezo huo, nilimjibu kwa moto. Humu humu niliapa kwamba nikimjua atanitambua.

"Kaka, si ulisema utamkunja kama mkeka?" mhariri wa picha alinichokoza. "Haya, mkunje."

"Nyamaza wewe!" Nikamgeukia mchumba wangu. "Kwa nini ulijificha?"

"Nilianza kukuambia sebuleni. Ukasema, 'Mama Fizikia, niachie sanaa yangu.'"

"Kwa sababu hutaki chombo cha anga cha nahodha wangu kipite kasi ya mwanga! Unataka nahodha afike nyota ya jirani akiwa babu mwenye mkongojo?"

"Kipite, bwana, nani kakataza? Runinga ni uongo mtamu. Lakini sehemu ya tatu ulisema chombo kikiruka mara moja, lazima injini ipoe siku tisa. Sehemu ya kumi na mbili kimeruka mara tatu mchana mmoja, eti nahodha amechelewa harusi yake! Ukidanganya, uheshimu uongo wako."

"Mapenzi hayana breki!"

"Kama anaweza kufika saa yoyote atakayo, mwanamke anayemngoja analia nini?"

 

Akatoa simu.

"Lakini sikuja kwa ajili ya injini." Akasoma kwa sauti: "'Wewe Kipimo, moyo wako ni rula. Hujapendwa hata siku moja, wala hutapendwa.' Jumapili, saa kumi jioni. Nilikuwa nimekaa ubavuni pako kwenye kochi. Ulinisomea mwenyewe, ukacheka."

"Mungu wangu," mwongozaji alisema.



"Jumamosi wazee wako wanakuja kwetu kupanga harusi," aliendelea. "Niwaambie nini?"

"Naifuta komenti hiyo sasa hivi, mpenzi."

"Watu elfu nne wameisoma. Utafuta na vichwa vyao?"

Nilikuwa sijawahi kumwomba mtu radhi hadharani. Hata nyumbani wananiita Jiwe. Lakini nilifungua ukurasa ule, nikaandika huku natamka kila neno ili wote wasikie:

"Kipimo ni mchumba wangu. Amekuwa sahihi tangu mwanzo. Asiyejua kupenda ni mimi."

Nikatia jina langu kamili, nikatuma.

"Umejimaliza, kaka," mhariri alinong'ona. Safari hii hakucheka.

"Acha nijimalize."



"Wazee waje," mchumba wangu alisema. "Ila ile ya Jumapili utamsomea baba. Wewe mwenyewe, kwa sauti, kabla ya salamu kupoa."

"Baba yako?"

"Ninaye mwingine?"

Baba yake ni fundi vyuma, mikono kama koleo, na mimi ananiita mwanangu.

"Nitamsomea."

"Haya. Sogea, nipishe nikae. Kazi ni nyingi."