Wateja wa Mama Divine

Mteja wa kwanza kuja kuitazama nyumba ya mlimani alikuwa mwalimu kutoka Kasulu, jina lake Moses. Alisimama barazani na mkewe, akaliangalia bonde la Malagarasi lililolala chini yao, na ng'ambo yake vilima vya Burundi vikifuatana mpaka macho yanachoka, akasema hajapata kuona mahali pazuri kama hapo. Kisha akageuka upande wa zizi, akauliza yule mtoto wa kike aliyesimama kule ni wa nani, mbona haji kusalimia wageni.

Epifania, mwenye nyumba, alitazama zizini. Palikuwa na ng'ombe tu.

Badala ya kujibu, alimwuliza mtoto huyo amevaa nini. Moses alilishangaa swali lile, lakini akasema: sweta la bluu la shule, kiwiko kimoja kimetoboka. Epifania akaomba radhi, akaingia jikoni. Sweta hilo alilikunja kwa mikono yake mwenyewe na kuliweka ndani ya jeneza la Divine, mwanawe wa pekee, aliyekufa kwa malaria msimu ule mvua ilipoikata barabara ya kushuka Mabamba.

Baada ya mazishi mumewe, Tharsisi, hakuweza tena kukaa mlimani. Alihamia kwa ndugu zake Nyakitonto, akamwachia mkewe kazi ya kuuza kila kitu: nyumba, malisho, ng'ombe, na shamba la kahawa lililoteremka hadi karibu na mto. Dalali wa Kibondo mjini aitwaye Salumu alizisambaza picha kwenye simu, na watu wakaanza kupanda mlima.

Moses hakununua. Juma lile lile Salumu alipiga simu kusema kwamba mwalimu amefiwa na kitinda mimba wake. Mtoto alilala baada ya chakula cha mchana, hakuamka. Epifania alitoa pole. Lakini alipokata simu alikuwa akiwaza jambo jingine kabisa. Kwa nini mgeni amwone Divine, na yeye aliyemzaa asimwone?

Tangu hapo kila alasiri alikwenda kukaa zizini akisubiri. Ng'ombe walikuwa wameacha kulala upande unaotazama nyumba. Walijibana kwenye ua wa mbali, wote wameipa nyumba migongo. Kulikuwa na harufu ya udongo mbichi, ule unaochimbuliwa kutoka chini sana, ingawa kilikuwa kiangazi na ardhi ilikuwa imepasuka kwa ukavu. Hakuona kitu.

Mteja wa pili alikuwa muuguzi, Esteri, aliyeacha mtoto mchanga nyumbani kwa dada yake. Alipokuwa akipanda ngazi za baraza alijibana pembeni, kama anayempisha mtu, kisha akaufuta mkono wake kwenye sketi.

"Binti yako ana mikono ya baridi sana," alisema.

Epifania alimkalisha, akamletea maziwa, akamwuliza mengi. Amekonda? Nywele zake zimesukwa au ziko wazi? Je, anacheka? Esteri alijibu kwa hofu, akitazama ngazi. Amekonda. Hacheki. Anamtazama mama yake tu, hata kope hazipepesi. Epifania akalia kwa furaha mbele ya mgeni, na mgeni akaondoka bila kumaliza maziwa.

Safari hii Salumu alipopiga simu aliongea kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kusikika. Kichanga cha Esteri kilikuwa kimekutwa hakipumui. Watu wameanza kusema, alieleza. Afadhali waisimamishe kwanza biashara hii, amtafute padre aje kuibariki nyumba.

Epifania hakuwa akimsikiliza. Alikuwa akipima umbali. Kwanza zizini, sasa ngazini. Mteja mmoja zaidi, na Divine angefika mlangoni.

"Niletee mwingine," akasema.

Alijua anachokisema. Hilo lisifichwe.

Wakaja Lukmani, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kibondo mjini, na mkewe Asia, na binti yao Swaumu, mtoto wa kuanza shule, mwenye pengo la meno ya mbele. Swaumu alivua viatu akakimbia majanini huku akipiga kelele kusikia bonde likimrudishia sauti. Epifania alimtazama. Angeweza kuwaambia wamchukue mtoto wao, wageuze gari waende zao. Badala yake alimpa hindi la kuchemsha na kumwambia acheze popote apendapo.

Lukmani alipokuwa akikagua paa, Asia alisimama sebuleni ghafla, macho yake yamekwama mlangoni.

"Mama Divine," alinong'ona, "kuna mtoto nyuma yako. Amekushika bega."

Epifania aliusikia ubaridi begani, kama kitambaa kilicholowa. Akageuka. Aliona pazia tu.

"Ananiambia nini?"

"Hana habari na wewe," Asia akasema. "Anamtazama Swaumu."

Waliondoka bila kuaga. Kabla gari halijafika Mabamba Swaumu alikuwa amelala, na hakuna aliyeweza kumwamsha. Hospitali walimpima kila kitu, wakasema hana ugonjwa. Ndipo Asia alipompigia simu mjomba wake, Mzee Khatibu, tabibu mwenye asili ya Ujiji anayeishi Kasulu. Mzee alisikiliza, akauliza swali moja tu kuhusu mtoto yule wa mlangoni, kisha akawaambia wamrudishe Swaumu mlimani maadamu bado anapumua.

Walifika alasiri ya siku ya pili. Walimlaza Swaumu kwenye mkeka barazani. Mzee Khatibu alitia ubani kwenye makaa, akasoma kwa sauti ndogo, kisha akamgeukia Epifania.

"Wako amezikwa na amepumzika," alisema. "Huyu ni jini, amevaa sura ya mwanao. Ulikwenda ukingoni mwa bonde ukamwita. Ulisema arudi kwa namna yoyote, au sivyo?"

Epifania hakubisha. Alisema hivyo, jua la utosi, siku moja baada ya mazishi.

"Basi kaitika aliyekuwa karibu. Leo atakuja hapa, na utamwona, kwa kuwa kazi yake imekaribia kwisha. Atakuita mama. Mwambie, mimi si mama yako. Wewe tu ndiye mwenye kauli hiyo. Ukiitamka ataondoka, na huyu ataamka."

Asia alipiga magoti, akamshika Epifania miguu. "Mama Divine, nakuomba. Na wewe ulizaa."

Ubani ukaacha kunukia. Moshi ulikuwa ukipanda bado, lakini harufu iliyojaa barazani ilikuwa ya udongo mbichi, na kule zizini ng'ombe walianza kulia kwa pamoja, si mlio wa njaa wala wa kiu bali ule wanaoutoa mwenzao anapochinjwa, na katikati ya mlio huo Epifania akasikia nyayo za mtoto asiyevaa viatu zikija juu ya sakafu ya saruji, kutoka chumba kile alichokifunga kwa kufuli tangu msiba, zikipita sebule, zikilikaribia pazia, pole pole, kama za mtu aliyetoka usingizini, hata pazia likasogea na mbele yake, katika mwanga mweupe wa jua, akasimama Divine na sweta lake la bluu, na kiwiko kilichotoboka, na kovu dogo la kidevuni alilolipata kwa kuanguka kisimani, na macho yasiyopepesa, na mchanga kwenye kope.

"Mama," akasema. "Ndashonje."

Nina njaa, kwa lugha ya nyumbani. Sauti ilikuwa yake hasa.

"Sema," Mzee Khatibu alimhimiza. "Sema sasa, mwanangu, usimtazame."

Epifania alimtazama. Akamwangalia Swaumu pale mkekani, kifua kikipanda kwa shida. Akamwangalia Asia. Maneno yalikuwa machache na alikuwa ameyashika vizuri.

Kisha akapanua mikono.

"Njoo ule, mwanangu," akasema.

Swaumu alishusha pumzi moja ndefu, kama mtoto aliyetuliwa mzigo, na hakuvuta nyingine.

Asia alimnyanyua mwanawe, akamtikisa. Lukmani alinyanyua jiwe la kuzuia mlango, akamwendea Epifania, lakini Mzee Khatibu akamzuia kwa mkono mmoja. Uso wa mzee ulikuwa umekuwa wa majivu. Alisema wambebe mtoto wao waondoke upesi, kwani mwenye nyumba amekwisha kumpokea mgeni wake. Walipokuwa wakishuka mlima Epifania hakuwatazama. Alikuwa akisonga ugali.

Mtoto alikula. Alimaliza ugali na maharage, akamaliza maziwa, akala hata ukoko. Mashavu yakajaa. Kwa siku kadhaa Epifania alimsuka nywele na kulala naye kitanda kimoja, akiukumbatia mwili ambao haukupata joto hata chini ya mablanketi mawili, na hakuna mwanamke aliyekuwa na furaha kama yake katika vilima vile vyote.

Kisha mashavu yakaanza kubonyea. Ugali haukumshibisha tena. Alisimama dirishani kutwa, akiitazama barabara ya kutokea Mabamba, na kila alipoulizwa anataka nini alijibu neno lile lile moja.

Salumu hakupokea tena simu. Epifania akapata namba ya dalali wa Titye, mtu asiyejua habari za mlima ule. Akamweleza nyumba ilivyo, malisho yalivyo, na jinsi bonde linavyoonekana asubuhi ukungu ukishaondoka. Dalali akafurahi, akauliza amtafutie mteja wa namna gani.

Mkono wa baridi ulikuwa umeshika wake.

"Familia," akasema Epifania. "Yenye watoto wengi, ikiwezekana. Waambie waje nao wote."